Hakupiga Hodi

Mambo yaliharibika siku ya Alhamisi, tarehe tisa Oktoba, mwaka 2081, saa tano na dakika ishirini asubuhi. Kitundu anaijua dakika yenyewe kwa sababu redio ya jirani ndiyo kwanza ilikuwa imeanza matangazo ya vifo, na yeye alikuwa amekaa kizingitini anashona kandambili ya mkewe iliyokatika kamba.

Rozalia alikuwa anarudi kutoka mnadani. Alitoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, na sasa alikuwa na kuku wawili mkononi, vichwa chini, wanalalamika. Alipofika kwenye uzio wa nyumba yake mwenyewe akafanya mzaha wake wa miaka thelathini na minne. Akasimama kama mgeni, akapaza sauti.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, mgeni. Wenyewe tuna njaa humu."

Akacheka. Akapiga hatua mbili. Kuku wakamponyoka, na yeye akakaa chini taratibu kama mtu aliyekumbuka kitu, mkono mmoja kwenye mtulinga. Kitundu alipomfikia, uso ulikuwa bado una kicheko. Kidundo kilichokuwa chini ya ngozi yake kilikuwa kimya.

Kidundo ni kidude kidogo, ukubwa wa punje ya maharage, kinachopachikwa karibu na mtulinga ili kiuendeshe moyo. Tangu homa ya mwaka sitini na sita ilipopita na kuacha mioyo ya watu kama matambara, mtaa wa Reli ya Zamani pale Itigi ulikuwa na watu kumi na wawili wanaoishi kwa vidundo. Ila kidundo chenyewe hakina akili. Akili iko kwenye boksi, na boksi la mtaa lilitundikwa sebuleni kwa Kitundu, juu ya kabati la vyombo, kwa kuwa yeye ndiye aliyepewa kazi ya kulitunza. Mwenye kidundo akienda mbali, moyo unaendeshwa kwa kumbukumbu, saa sita hivi. Akirudi, kidundo kinapiga hodi kwenye boksi. Boksi likiitikia "karibu", maisha yanaendelea.

Waliokibuni walisifiwa sana kwenye televisheni. Teknolojia yenye adabu zetu, walisema, na mkubwa mmoja akapiga makofi mpaka miwani ikamshuka puani. Maana kidundo kinapiga hodi mara tatu tu. Kikikosa jibu kinanyamaza, kama mtoto aliyelelewa akaleleka, kinaondoka zake bila kusumbua wenye nyumba.

Kiondoke kiende wapi? Kimeshonewa kifuani mwa mtu! Hilo hakuna aliyeuliza. Watu wenye digrii tatu tatu walikaa kwenye viti vinavyozunguka, wakanywa chai, wakakubaliana kwamba moyo wa mke wa Kitundu uwe na adabu.

*

Mwili haujapoa bado, Kitundu akapiga simu kwa Mamlaka ya Maboksi. Ikapokea sauti ya binti, laini kama ya tangazo la sabuni.

"Pole na usumbufu, mzee wangu. Taa ya boksi ina rangi gani?"

"Kijani."

"Basi boksi ni zima."

"Mke wangu ndiye si mzima."

Akasikia vidole vikibonyezabonyeza kitu.

"Mzee, naomba uzime boksi, uhesabu mpaka ishirini, kisha uliwashe tena."

Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye swichi. Miaka tisa ya kutunza lile boksi, dawa ya kila ugonjwa ilikuwa hiyo hiyo: zima, washa. Lakini kabla ya boksi Kitundu alikuwa mlinzi wa lango kwenye ghala la alizeti, miaka kumi na minane, na mazoea ya lango hayamtoki mtu. Usiku ule wezi walipoiba magunia pale ghalani, meneja alitaka uwanja ufagiliwe mapema wageni wasione aibu. Kitundu alimkatalia. Alitaka kwanza kuona nyayo.

"Ngoja kidogo, mwanangu," alisema kwenye simu. "Kwenye semina mlituambia kiini cha boksi kinaweka kumbukumbu ya kila anayebisha. Nikizima, hiyo kumbukumbu inabaki?"

"Hayo ni mambo ya mafundi, mzee."

"Inabaki, haibaki?"

"Haibaki, mzee."

"Basi sizimi."

Akakata simu. Akachomoa waya wa nje ili wasije wakalizima kutoka huko waliko, kisha akaenda nyuma ya nyumba akavuta betri ya trekta, akaliunganisha boksi nayo kabla umeme wao haujafanya ujanja. Ndipo akarudi kumfunika mkewe. Majirani waliokuja na kanga za msiba walimkuta amepiga magoti, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko, na wengine walisema pembeni kwamba kifo kimemvuruga akili.

*

Siku ya sita ililetwa karatasi yenye mhuri. Mistari minne. Wa nne ulisema: *Marehemu hakupiga hodi.*

Kitundu aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Rozalia! Mwanamke aliyekuwa akipiga hodi hata kwenye banda la mbuzi, leo hii ameandikiwa kwamba aliingia kwake kimya kimya kama mwizi wa nguo kambani. Baadaye akaja kusikia kwamba siku ile ile walikufa watu kumi na tisa katika miji tofauti, na wote kumi na tisa waliandikiwa mstari huo huo mmoja. Katika ile mitaa mingine maboksi yalishazimwa na kuwashwa, kama walivyoelekezwa na binti mwenye sauti ya sabuni. Nyayo zote zilifagiliwa. Lililobaki bila kuzimwa ni lake peke yake.

Elimu yake ni darasa la saba, na hata hilo la saba alilimaliza kwa kuchungulia kwa jirani. Lakini kitabu cha semina alikuwa nacho, kurasa arobaini, jalada limeliwa na panya. Akaanza kulihoji boksi kama anavyohojiwa mtu langoni.

Je, mawimbi yalikuwa mabovu? Hapana. Wale wengine kumi na mmoja walikuwa wanajibiwa vizuri muda wote, mmoja wao anaishi mbali kuliko uzio ule. Je, kidundo cha Rozalia kilikufa? Hapana, muuguzi alikipima, kilikuwa na nguvu ya miaka miwili mbele. Basi hodi ilitoka, na hodi ilifika. Kati ya mgeni na mwenye nyumba palikuwa na nani?

Palikuwa na ukuta.

Ndani ya boksi kuna kiini, ndicho kinachotawala kila kitu, na ndani ya kiini zimepachikwa moduli, kila moja na kazi yake. Kitundu aliziita meno. Jino moja linasikiliza mawimbi, jino jingine linahesabu mapigo. Na liko moja linaloitwa ukuta, kazi yake kuamua nani aingie na nani asiingie, wahuni wasije wakajipenyeza na kuichezea mioyo ya watu. Kitundu alikiomba kiini kimwonyeshe meno yote na tarehe zake. Mengine yalikuwa ya miaka. Ukuta ulikuwa umepachikwa tarehe tisa Oktoba, saa kumi alfajiri. Mpya kabisa. Saa moja na nusu kabla Rozalia hajatoka kwenda mnadani.

Akauomba ukuta umsomee sheria zake. Ukasoma:

*Mstari wa 1. Aliye ndani, abaki ndani.*
*Mstari wa 2. Asiingie yeyote.*
*Mstari wa 3. Waingie hawa wafuatao: 01, 02, 03, 04…* mpaka kumi na mbili.

Kitundu alicheka peke yake sebuleni, kicheko kibaya, mpaka jirani akaja kuchungulia dirishani.

Maana alishawahi kupewa amri kama hiyo. Meneja wa ghala alikuja asubuhi moja akafoka, leo asiingie yeyote humu, halafu akamkabidhi orodha ya wanaoingia. Kitundu aliielewa kwa sababu ana kichwa cha mtu. Ukuta unasoma kutoka juu kushuka chini, na mstari wa kwanza unaomhusu mgeni ndio unaomaliza shauri. Ya chini hayasomwi. Wale kumi na mmoja walikuwa ndani tangu alfajiri, wakaokolewa na mstari wa kwanza. Rozalia alikuwa ametoka. Aliporudi, mstari wa kwanza haukumjua na wa pili ukammaliza. Wa tatu, ambao namba yake imeandikwa humo wazi kabisa, nambari 04, ulikaa pale chini haujasomwa na yeyote. Mtu fulani mahali fulani alipanga mistari kichwa chini, akabonyeza, akaenda kula.

Kisha akaifungua kumbukumbu ya kiini yenyewe.

*Saa 5:19:41. Hodi, kidundo 04. Mstari wa 2. Asijibiwe.*
*Saa 5:19:51. Hodi, kidundo 04. Mstari wa 2. Asijibiwe.*
*Saa 5:20:01. Hodi, kidundo 04. Mstari wa 2. Asijibiwe.*
*Saa 5:20:02. Kidundo 04 kimeondoka.*

Kimeondoka. Kitundu aliliangalia neno hilo mpaka macho yakamwasha.

Angeweza kupiga picha, lakini picha ya nini? Siku hizi hata kipofu anatengeneza picha, na Baraza la Vifo, linalochunguza vifo vyenye utata, halipokei picha tangu mwaka sabini. Linapokea kumbukumbu yenye lakiri ya kiini kilicho hai, iliyotumwa kwa waya, basi. Na ule ukuta mpya ulikuwa na mstari mwingine chini kabisa: kisitoke chochote humu isipokuwa kwenda Mamlakani. Kurekebisha mistari haiwezekani, imefungwa kwa ufunguo wao. Ilibaki njia moja. Kung'oa jino lenyewe huku mgonjwa yuko macho, boksi linawaka, kumbukumbu inaishi, kisha kupachika ukuta wa zamani ambao alikuwa ameuhifadhi pembeni. Huo wa zamani ulikuwa ukiwajibu watu miaka tisa bila kosa. Na ungeruhusu barua kwenda Barazani.

Akaamuru jino litoke. Kiini kikamjibu:

*Moduli inatumika na 11. Haiwezi kuondolewa.*

*

Jumamosi ya tarehe mosi Novemba, saa saba mchana, Afisa Mkwizu wa Mamlaka alisimama mlangoni. Kijana wa miaka kama thelathini na mitano, shati limepigwa pasi, viatu vimejaa vumbi la Itigi.

"Shikamoo, mzee Kitundu."

"Marahaba. Umekuja kuzima?"

"Naweza kukaa kwanza?"

"Kiti hicho hapo. Kina mguu mmoja mbovu, kama vitu vyenu."

Mkwizu akakaa kwa uangalifu. Akatoa karatasi ya mahakama, akaiweka juu ya kitambaa cha meza alichofuma Rozalia.

"Saa kumi kamili gari la wauguzi linafika kutoka Manyoni na mashine yake. Watawashika wagonjwa wote kumi na mmoja kwa mashine hiyo wakati boksi linazimwa. Dakika nne tu. Likiwaka, litakuwa na ukuta mpya ulioboreshwa. Hakuna atakayeumia."

"Ulioboreshwa. Kwa hiyo mnakiri ule ulikuwa mbovu."

"Sijasema mbovu. Nimesema ulioboreshwa."

"Ukiniletea suruali iliyozibwa matundu, mwanangu, najua ilitoboka."

Afisa alitaka kucheka, akajizuia.

"Mzee, nikwambie ukweli kama mwanao. Hawa watu kumi na mmoja wana siku ishirini na tatu hawawezi kuvuka hata reli. Fundi Paulo pale kakosa kumzika shangazi yake. Kwa nini? Kwa sababu wewe hutaki lizimwe. Na Bi. Siyawezi ana kidundo cha toleo la kwanza, hakina kumbukumbu ya saa sita, kina dakika tatu tu. Hiyo betri ya trekta ikichoka kesho, wa kwanza kuondoka ni yeye. Mama Rozalia, Mungu amlaze pema, harudi."

Yalikuwa maneno ya kweli, na maneno ya kweli yakitoka kwa mtu usiyempenda yanachoma mara mbili.

"Andika hapa kwamba alipiga hodi," Kitundu alisema. "Mara tatu. Saa tano na dakika kumi na tisa. Andika, tia mhuri, nami nalizima kwa mkono wangu huu, wala usisubiri gari."

"Siandiki mimi, mzee. Inaandikwa juu."

"Juu wapi? Kwenye dari?"

"Mzee…"

"Kila siku juu, juu. Ikija sifa iko chini hapa, mnakuja na kamera. Likija kosa limepanda juu, halina jina wala sura. Nitajie mtu mmoja. Aliyeandika mstari wa pili juu ya wa tatu anaitwa nani?"

Mkwizu akanyanyuka. Kiti kikaanguka, akakiinua, akakisimamisha vizuri ukutani.

"Sijui jina lake," alisema kwa sauti ya chini. "Kweli sijui. Saa kumi, mzee. Nitakuwa na polisi wawili. Naomba tusifikishane huko."

*

Saa tatu zilimtosha kuzunguka mtaa mzima, maana mtaa wenyewe ni mkono wa mtu. Kwa kila mlango alisema maneno yale yale. Ili jino litoke, wote kumi na mmoja waliachie boksi kwa wakati mmoja: vidole vitatu juu ya mtulinga, ukandamize mpaka kidundo kilie kama panzi. Hapo moyo unajiendesha kwa kumbukumbu. Yeye atang'oa, atapachika, watapiga hodi upya, watajibiwa. Dakika mbili.

Kumi walikubali. Wengine kwa ajili ya Rozalia, wengine kwa hasira ya kufungiwa kama mbuzi wa sadaka. Paulo Mghwai, mchomeleaji wa mageti, alikubali kabla hajamaliza kusikia.

"Mimi shangazi yangu kazikwa bila mimi. Nikandamize sasa hivi?"

"Usikandamize, wee! Subiri niseme."

"Na huo ukuta wa zamani, una uhakika utaingia?"

Hapo ndipo palipouma. Kiini kilikuwa kimebadilishwa kidogo pamoja na ule ukuta mpya, na jino la zamani kwenye ufizi mpya linaweza kugoma. Kitundu alikuwa amekwenda kujaribu kwenye boksi bovu lenye kiini cha aina hiyo hiyo, lililotupwa nyuma ya ofisi ya mtaa. Mara tatu. Mara mbili liliingia. Mara moja kiini kilikataa, kikasema toleo halilingani, akahangaika nalo robo saa ndipo likakubali.

Paulo aliposikia hayo akakuna kidevu. "Sisi tuna saa sita za kumbukumbu. Robo saa siyo kitu. Lakini bibi?"

"Bibi ana dakika tatu."

"Basi usimwambie." Paulo alisogea karibu. "Sikiliza, kaka. Saa nane analala, kanga usoni, kila siku. Nakwenda mimi, namkandamiza taratibu, hata haamki. Likiingia, hajui kitu. Lisipoingia…" Akanyanyua mabega. "Gari la wauguzi liko njiani."

Kitundu alisimama pale kwenye karakana, cheche zimepoa sakafuni, harufu ya chuma kilichoungua. Alilifikiria jambo lile, tusidanganyane. Alilifikiria kwa muda wa kutosha kuliona lote, mpaka ile kanga ya usoni inavyopanda na kushuka. Mbili kwa tatu. Wangapi wamewahi kupata mbili kwa tatu kwenye maisha haya? Na yule bibi ana miaka themanini na moja.

Halafu akaona wazi kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa alfajiri ya tarehe tisa. Watu walikuwa wamelala, mtu akaja akawawekea kitu kifuani bila kuwaamsha, akijiambia litaingia tu.

"Nitamwambia," alisema.

"Atakataa."

"Akatae akiwa macho."

*

Bi. Siyawezi alikuwa anauza kuku tangu kabla reli ya zamani haijawa ya zamani. Walimkuta kibarazani amekaa juu ya kigoda, jogoo mapajani, anampaka mafuta ya taa kwenye miguu iliyoota magamba. Kitundu mbele, wale kumi nyuma yake, wamejipanga kama waliokuja kuposa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona mmekuja kundi zima? Nimekufa?"

"Bado, bibi."

"Basi kaeni. Wewe Paulo usinikanyagie vifaranga."

Kitundu akachutama mbele yake, akamweleza yote. Hakumficha hata chembe. Alimwambia njia ya Mkwizu ni salama, muuguzi atamshika mkono, ataamka mzima. Alimwambia njia yake yeye ni mbili kwa tatu, na kwamba ile moja ikitokea, gari la wauguzi likichelewa hata kidogo, yeye Siyawezi atakuwa ametangulia. Alimwambia Paulo alitaka amkandamize akiwa usingizini.

"Mjinga huyu," bibi alisema, bila hasira, akamwachia jogoo. "Mimi silali ile saa nane. Nafunika uso ili msinisumbue."

Watu wakacheka. Paulo akaangalia vidole vya miguu yake.

"Haya, Kitundu. Nikikubali, unapata nini?"

"Karatasi inakwenda Barazani na lakiri. Inasomwa hadharani. Mkubwa mmoja anaitwa kwa jina lake, anasimama, anaulizwa."

"Na nikikataa?"

"Boksi linazimwa saa kumi. Inafutika. Wenzake Rozalia kumi na wanane walishafutwa. Itabaki imeandikwa kwamba watu kumi na tisa, kwa siku moja, walikufa kwa kukosa adabu."

Bi. Siyawezi akapangusa mikono kwenye kanga. Alikuwa anamtazama usoni, macho membamba, kama anavyomtazama mteja anayesema kuku huyu ana ugonjwa.

"Siwaogopi hao," alisema. "Hilo ulijue kwanza. Walikuja hapa na kamera wakanivisha fulana yao, wakaniambia nitabasamu, bibi. Walipoleta huo ukuta wao hawakuniambia kitu. Leo wananiletea gari na muuguzi kwa sababu wewe umewakatalia, siyo kwa sababu wananipenda. Nayaona hayo yote. Na Rozalia alikuwa mtu wangu. Alikuwa anakuja hapa ananichana nywele, mikono yangu ilipoanza kutetemeka."

Akafungua kifundo cha kanga begani. Mtulinga wake ulikuwa umechomoza kama fito, na chini yake kidundo kikubwa cha toleo la kwanza kilionekana wazi, kinasukumasukuma ngozi. Akaweka vidole vitatu juu yake. Hakukandamiza.

Nyuma ya Kitundu wale tisa waliobaki nao wakaweka vidole vyao, kila mmoja pake, bila kuambiwa. Paulo alikuwa ametangulia kwenda sebuleni kwa Kitundu kushika waya wa nje, auchomeke ukuta wa zamani ukishaingia. Aliitikia kwa mbali kwamba yuko tayari. Kutoka upande wa kivuko cha reli ilisikika honi ya gari, saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Wamewahi.

"Nenda kwenye boksi lako basi, bibi ameshasema!" mmoja alinong'ona.

"Sijasema," alijibu Bi. Siyawezi. Hakuondoa macho kwa Kitundu. "Kuna kitu nataka kwanza. Unijibu kama mume, usinijibu kama mtunza boksi, wala kama mtu mwenye ugomvi na wakubwa. Tuseme siku ile ulikufa wewe. Rozalia ndiye mzima, na anaishi kwa dude bovu kama hili langu. Kesho yake anakuja mtu mwema mlangoni, ana uchungu wa haki kabisa, ana hiyo mbili kwa tatu yake mkononi, anamwomba mkeo aweke moyo wake rehani ili jina lako lisafishwe."

Gari likakata kona. Vumbi likaonekana juu ya mapaa.

"Ungetaka akubali?"